Madam Ananinyima Maziwa, Asumpta Ananiletea Chupa Saba

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Jeddah, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, kwa sababu Ijumaa dereva anakuja na mzigo wangu kutoka Riyadh na kufikia siku hiyo lazima niwe nimeamua kama nitaendelea na dawa za hospitali au nitaziacha nishike za rafiki yangu Asumpta, na kusema kweli sijui tena ni nani kati ya watu walionizunguka anayenitakia mema.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma na ninafanya kazi ya nyumba hapa Al-Safa, huu ni mwaka wangu wa pili. Familia hii siwezi kuisingizia, hawapigi mtu na mshahara unakuja hata kama unachelewa, ila ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, anakaa nayo madam kwenye kabati lake, na kabati hilo utalisikia tena mbele. Mwezi wa saba walinichukua kwenda nao Austria niwaangalie watoto, kule milimani ambako matajiri wa huku hukimbilia joto likizidi, na huko kuna nyasi ndefu za kufika magotini, watoto wakawa wanajiviringisha humo kutwa na mimi nyuma yao. Ndipo nikaumwa na kupe nyuma ya goti. Sasa mimi nimekulia nyumba yenye ng'ombe, kupe kwangu si habari, nilimbandua kwa kucha nikamsaga kwa kiatu nikasahau. Wiki mbili baadaye likatokea duara jekundu, na kila siku linapanuka, nikadhani ni mashilingi, nikapaka mafuta ya ngozi na nikanyamaza, maana ukisema una ugonjwa wa ngozi na wewe ndiwe unayebeba mtoto wa mtu, tiketi yako ya kurudi kwenu inakatwa kabla hujamaliza sentensi.

Tuliporudi Jeddah mambo yakaharibika. Homa, kichwa, magoti yanauma kama ya bibi yangu, na uchovu wa ajabu, hata kufua soksi nikawa napumzika katikati. Siku moja madam alinikuta nimekaa kwenye ngazi nimekumbatia ndoo, nikajua nimekwisha, lakini alichukua funguo akanipeleka kliniki. Daktari alipoliona lile duara aliniuliza nilikuwa nchi gani, akapima damu, akasema huu ni ugonjwa wa Lyme, unaletwa na kupe wa kule, akaandika dawa ya siku ishirini na moja, kidonge asubuhi na kidonge jioni. Halafu yeye na madam wakaongea Kiarabu muda mrefu, na tulipofika dukani kuchukua dawa, mwenye duka naye akaongea na madam muda mrefu, huku mimi nimekaa tu kama kikapu cha sokoni. Kiarabu changu ni cha jikoni, cha yalla na halas, sikuambulia kitu.

Kuanzia siku hiyo, Mshauri, nyumba imebadilika. Kwanza dawa zangu amezifungia kwenye lile kabati. Asubuhi na jioni ananiletea kidonge kimoja kitupu kwenye kiganja, kimeshatolewa kwenye karatasi yake, sioni jina, sioni tarehe, ananisimamia mpaka nikitie mdomoni kisha anaweka alama kwenye kalenda. Pili, ameninyima maziwa. Mwaka wa pili huu nakunywa chai ya maziwa asubuhi hakuna aliyeniuliza, sasa nikishika sufuria anakuja mbio, "Mafi haliib! Mafi haliib!", hakuna maziwa, na ananisukumia glasi ya maji, na huku jokofu limejaa maziwa mpaka yanamwagika. Tatu, hataki nikimeza hicho kidonge nilale, hata nikiwa nasikia kizunguzungu ananizuia na kunionyesha saa ukutani, nusu saa nzima, mgonjwa anyimwe kulala, wewe umewahi kuona wapi? Nne, hataki nipande juu ya paa kuanika nguo mchana. Hilo ndilo lililonifungua macho, kwa sababu paani ndipo ninapoonana na Achieng anayefanya kazi nyumba ya jirani, na huyo ndiye mtu pekee ninayeongea naye Kiswahili cha kwetu. Anaonyesha jua kwa kidole, anatikisa kichwa, ananirudisha ndani.

Nilifanikiwa kupanda jioni moja nikamweleza Achieng, akashika mdomo.

"Wewe, unameza kitu hujaona paketi?" akaniuliza. "Kuna msichana Riyadh alikuwa anapewa vidonge hivyo hivyo, kumbe ni vya kumlegeza asitoroke. Na mbona anakuficha watu wasikuone?"

Sikulala siku ile. Nikampigia Asumpta. Asumpta tulikuja naye ndege moja, tuliomba pamoja kwenye ushirika wetu wa simu kila Ijumaa, sasa yuko Riyadh na ameacha kazi ya nyumba anauza virutubisho, na kabla hata sijamaliza kueleza akanikatiza.

"Dadangu, hiyo ugonjwa naijua, nimetibu watu watatu. Hizo dawa za hospitali zinamaliza damu, ndiyo maana unachoka. Wachana nazo polepole, usimwambie mtu. Wewe unahitaji kujenga mwili."

Akanitumia kwanza chupa nne kupitia Dancan, dereva ambaye bosi wake huja Jeddah kila wiki. Moja ya kalsiamu, moja ya madini ya chuma, moja ya magnesiamu na moja ya zinki. Madam alikuta mbili kwenye begi langu, akazisoma moja moja kwa kidole, akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona, akazifungia kabatini pamoja na ikama yangu. Mbili nyingine, ya chuma na ya kalsiamu, alizikosa kwa sababu nilikuwa nimezitia chini ya godoro. Mimi nikajiuliza, mtu anayetaka upone atakunyang'anya vitamini ulizonunua kwa jasho lako? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaona yangu imetimia.

Sasa nakiri yote, usinihukumu. Kidonge cha asubuhi nakiweka shavuni, madam akigeuka naenda jikoni nakimeza na chai ya maziwa niliyoficha kwenye thamosi, kwa sababu kwetu dawa kali haimezwi kwa maji matupu, tumbo linachomeka, mama yangu alitulea hivyo sote na hakuna aliyekufa. Pamoja nacho nameza chuma na kalsiamu ili nijenge mwili kama alivyosema Asumpta. Cha jioni sikimezi. Nimeshaficha sita kwenye soksi, Asumpta anataka nimpe Dancan ampelekee yeye avipime. Leo ni siku ya kumi ya dawa na sijaona nafuu, goti la kushoto limevimba, tangu juzi mdomo wangu umevutika kidogo upande mmoja na chai inadondoka nikinywa, nafikiri ni ile AC inayonipiga usiku, na nguvu sina kabisa.

Ijumaa Dancan analeta kifurushi kamili, chupa saba, zikiwemo za unga wa mizizi ya Amerika na maji ya fedha ambayo Asumpta anasema yanaua kila kijidudu kwenye damu. Bei yake ni mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu, amesema nitalipa nusu sasa. Nimebakiza miezi mitano ya mkataba, sitaki kurudishwa kwetu mgonjwa na mikono mitupu. Je, nichukue chupa za Asumpta, ambaye ni wa kwetu, au niendelee kumeza vya madam ambavyo hata jina lake silijui? Na kama kuna virutubisho vya bei ninayoiweza nitajie, maana mwili wangu nauona unaisha. Jibu lako nitumie kwa nambari ya Achieng, nimeiandika chini, ya kwangu usitumie.

Ni mimi,
Nekesa (si jina langu), Al-Safa, Jeddah

*

Nekesa,

Kabla ya maziwa, kabla ya chupa, kabla ya Asumpta: mdomo wako. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu jokofu la madam, halafu uso uliovutika upande mmoja ukaupitisha haraka haraka, katikati ya goti na AC. Mimi nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla ya kupewa kalamu hii, na sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame. Ugonjwa huu wa kupe usipotibiwa sawasawa huweza kuingia kwenye mishipa ya fahamu ya uso, na huweza kufika kwenye viungo na kwenye moyo. Na uso ukivutika ghafla kwa sababu nyingine, hiyo nayo si ya kungoja. Nakutumia jibu hili kwa simu ya Achieng leo leo, Jumanne, wengine watalisoma Jumamosi. Ukilipata, nenda kwa madam, mwonyeshe uso wako kwa kidole, sema "wajhi" na "mustashfa", yaani uso wangu na hospitali. Ataelewa. Ukisikia mkono au mguu umekufa ganzi, ulimi mzito, au moyo unaruka ruka, Achieng apige 997 wakuletee gari la wagonjwa, msiombe ruhusa ya mtu.

Sasa tukae chini tuongee kuhusu huyo adui yako.

Nilimpigia simu Reuben, mfamasia niliyefanya naye kazi Machakos, na wala sikumsomea barua yako. Nilimuuliza tu, mtu mwenye ugonjwa wa Lyme akipewa dawa ya siku ishirini na moja, asubuhi na jioni, ataambiwaje dukani? Akasema mara nyingi huwa ni doksisaiklini, na mgonjwa huambiwa hivi: imeze kwa glasi kubwa ya maji. Usilale mpaka nusu saa ipite, la sivyo inakuunguza koo. Jiepushe na jua kali, maana ngozi yako inaungua upesi. Usiimeze na maziwa. Na usiimeze kabisa pamoja na madini ya chuma, kalsiamu, magnesiamu wala zinki, kwa sababu yanaikamata tumboni na sehemu kubwa haifiki kwenye damu.

Soma tena, dada. Maji, kutolala, jua, maziwa, chupa nne. Umeniorodheshea maovu ya madam na kumbe umenisomea karatasi ya ndani ya paketi. Ile hotuba ndefu ya Kiarabu ya mwenye duka la dawa, mwanamke yule ameishika neno kwa neno na anaitekeleza kila asubuhi akiwa amekusimamia, na wewe unaweka kidonge shavuni kama mtoto wa chekechea. Nilicheka, nisamehe, kisha nikakasirika. Nilikuonea huruma baadaye.

Usinielewe vibaya, simpi madam cheti cha utakatifu. Ikama yako haipaswi kukaa kabatini mwake, na hilo ni kosa hata akikumezesha asali kila siku. Dawa ni yako na una haki ya kuiona paketi yake. Tena angeweza kutafuta mtu wa kukufasiria badala ya kukukemea "mafi haliib" kama unaiba. Kwa mtu aliyefungiwa karatasi zake na haelezwi kitu, shaka ni jambo la kutarajiwa, na visa vya Achieng vya Riyadh sithubutu kusema vyote ni uongo. Umefanya vizuri kushuku. Ila umeshuku upande mmoja tu, na ule upande wa pili ukaupa mlango uliofunguliwa mpaka mwisho.

Mtazame basi Asumpta kwa jicho lile lile ulilomtazamia madam. Madam alikuficha paketi, ukakosa usingizi. Asumpta amekwambia uache dawa ya daktari na usimwambie mtu, ukasema amina. Madam hapati hata riyali moja ukimeza kidonge. Asumpta anapata mshahara wako wa mwezi na nusu ukikiacha. Anataka umpelekee vidonge avipime, avipime kwa nini, kwa sufuria? Hao watu watatu aliowatibu wanaitwa nani, wako wapi? Muulize. Inawezekana kabisa anaamini anachokiuza, nimekutana na wengi wa aina hiyo, wanasali kwa dhati na wanauza kwa dhati. Kuwa wa kwenu hakumfanyi kuwa daktari, kama vile kuwa mgeni hakumfanyi madam kuwa mchawi.

Yale maji ya fedha usiyaguse. Hayajathibitika kutibu kitu, na yakikaa mwilini huweza kuigeuza ngozi rangi ya majivu isirudi tena. Unga wa mizizi sijui una nini ndani, wewe hujui, na nina hakika Asumpta pia hajui. Dancan akija Ijumaa mwambie arudi na mzigo wake, na nusu ya malipo ibaki mfukoni mwako. Aibu ya kumkatalia rafiki wa ndege moja itakuuma siku mbili, goti litakuuma zaidi.

Uliuliza virutubisho vya bei ndogo, na swali hilo ni zuri, halistahili kejeli. Hakuna kirutubisho kinachoua vijidudu vya Lyme. Dawa ndiyo inayoua, chakula ndicho kinachokurudishia nguvu, na chakula uko nacho jikoni humo humo. Mayai, dengu, samaki, mboga za majani, njugu, tende mbili tatu ukisikia umelegea. Laban, yale maziwa ya mgando ya huko, na maziwa yenyewe si haramu kwako, ni saa tu, kula mchana, mbali na kidonge cha asubuhi na cha jioni, na ukitaka kitu tumboni kabla ya dawa basi kula mkate mkavu au wali. Mama yako hakukosea kwamba dawa kali inataka tumbo lenye kitu, ila kwa dawa hii kitu hicho kisiwe maziwa. Ukifika hospitali mwombe daktari akupime damu na vitamini D, maana wewe unaishi ndani, na ukitoka umejifunika, na wengi wa huko hukutwa imepungua. Ikionekana huna, utaandikiwa hiyo moja, ni ya bei nafuu, na utainunua duka la dawa lenye mlango na risiti, si kwenye buti la gari. Chuma usimeze mpaka kipimo kiseme huna damu. Hapo ndipo bajeti yako inapoishia, na kama mtu anataka kukuongezea chupa ya pili mwambie akuonyeshe kipimo kilichoiomba.

Hospitalini omba mtu wa kukufasiria, kliniki nyingi hazikosi Mkenya au Msudani anayejua lugha zote mbili, na ukimpata mwambie pia amwombe madam paketi ya dawa muisome pamoja. Vile sita vya kwenye soksi usivimeze kwa mkupuo kufidia, vibebe hivyo hivyo umkabidhi daktari. Na umwambie kila kitu, thamosi, godoro, soksi. Yeye anadhani umemeza vidonge vya siku kumi na ataamua kwa hesabu hiyo, huku cha jioni kiko kwenye soksi na cha asubuhi kimezama kwenye maziwa na chuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulishaficha lile duara la kwanza, usirudie. Madam akikataa kukupeleka, hapo nitabadilisha maneno yangu yote juu yake, na nambari ya ubalozi wetu Riyadh nimemtumia Achieng pamoja na jibu hili.

Nimeitafuta katika barua yako yote sura ya huyo anayekuzuia kupona. Sikumpata kwenye kabati la madam, na hata Asumpta amefanya sehemu tu ya kazi hiyo. Nimemkuta jikoni, amegeuza mgongo mlangoni, kidonge kiko shavuni na thamosi iko mkononi. Mwage chai hiyo leo. Na kidonge daktari atakachokupa baada ya kusikia ukweli, kimeze kwa maji, umesimama, mbele ya madam, ufungue mdomo aone.

Mama Truphena